Funda Moja la Maji ya Miwa

Saa moja kasorobo asubuhi, siku ya Ijumaa, jirani yangu Mtaita alivuka ua wa nyumba tuliyopanga, kibuyu mkononi, akaenda kupiga hodi kwenye mlango wa mwenye nyumba. Kengele ya stesheni ilikuwa imelia muda si mrefu, ya kuwaita watu wa zamu. Ndani ya kibuyu mlikuwa na maji ya miwa yaliyokamuliwa alfajiri ile ile. Alichokwenda kuomba hakina bei: mwenye nyumba achukue funda moja kinywani, alipulize nje kama manyunyu, aseme kwamba moyoni hana tena hasira naye. Mtoto wake mchanga alikuwa mgonjwa, na yeye aliamini kwamba bila funda hilo mtoto hatapona. Kufika adhuhuri alikuwa mikononi mwa askari.

Kisa hiki nimekisikia kikisimuliwa mara nyingi kwenye vibaraza vya Voi, na kila mara husimuliwa kwa uongo. Husemwa kwamba Mtaita mmoja alimwita mzee wa watu mchawi mlangoni pake, akashtakiwa, akapata alichostahili. Mimi nilikuwa uani asubuhi ile, nikipasha moto lehemu ya kuungia bati, na nilisikia kila neno. Nitaeleza kwa taratibu, nikianza na jinsi nilivyoufahamu mji ule, kwa sababu niliambiwa baadaye, mbele ya watu, kwamba mgeni kama mimi hawezi kuufahamu.

Kwetu ni Pangani. Nilifika Voi baada ya vita vya Mjerumani na Mwingereza, kwa njia ya Moshi na Taveta, nikakaa miaka kadhaa. Kazi yangu ni kufua bati: koroboi, faneli, birika, ndoo, milizamu ya kukingia mvua. Voi ilinifaa kwa kuwa madebe matupu ya mafuta ya taa yalipatikana kwa wingi kando ya reli. Kwenye madebe hayo ndiko nilikojifunza herufi za Kizungu, maana chuoni, tuliposomea Kurani, nilifundishwa za Kiarabu tu. Nilikuwa nikikata bati naona alama ile ile inarudi, namwuliza karani yeyote apitaye inasomwaje. Nilizoea hivyo kutazama kitu kimoja mara nyingi kabla ya kusema nakijua.

Mji nao niliutazama vivyo hivyo. Vumbi la Voi ni jekundu na huacha alama. Ukitazama kuta unajua watu huegemea wapi. Ukitazama kanzu unajua nani ameketi barazani na nani ameketi chini. Magari ya moshi yalikuwa yakichoma kuni, na kuni zilizoletwa na Wakamba zilipokuwa mbichi moshi ulishuka mitaani, wanawake wakaanua nguo bila mtu kusema neno. Wanawake walioshuka kutoka milimani na ndizi, tumbaku na miwa niliwatambua kwa miguu yao. Wa Sagalla walikuja na vumbi jekundu kama letu. Wa Werugha walikuja na udongo mweusi uliokaukia vifundoni, kwa kuwa waliondoka kwao kukiwa na ukungu na umande, huku kwetu mvua ilikuwa haijaonekana miezi.

Wanawake hao walikaa ng'ambo ya barabara, juani. Mara ya kwanza nilidhani ni desturi yao. Kisha nikagundua sababu. Mwenye nyumba wetu alikuwa mzee wa asili ya Mombasa, mwenye duka la nguo na tende mbele na vyumba vya kupangisha nyuma. Kila asubuhi alimwagisha ndoo mbili za maji mbele ya kibaraza chake, akisema anatuliza vumbi. Lakini hayakumwagwa penye vumbi. Yalimwagwa penye kivuli, pakawa tope hadi saa nane, wanawake wa milimani wasipate pa kuketi. Ndoo mbili, kila siku, katika mwaka ambao watu walinunua maji kwa debe.

Niliwazoea wanawake wale kwa sababu niliwauliza maswali. Kila nilipovuka kununua ndizi niliuliza jambo moja: hiki kwenu mwakiitaje, kile mwakifanyia nini. Waliniita Mjerumani, kwa kuwa Pangani ilitawaliwa na Wajerumani kabla ya vita. Mmoja, mwenye ndizi fupi tamu, alikuwa akiniona tu anasema kwa sauti wenzake wasikie, "Mjerumani anakuja. Leo ameamka na swali gani?" Wakacheka, nami nikauliza vilevile. Sikuona haya, kwani wao hawakuniuliza chochote, na mji ambao hauulizwi haukwambii kitu.

Jirani yangu wa chumba cha pili alikuwa mtu wa Werugha. Kazi yake stesheni ilikuwa kugeuza reli ili gari liingie njia ipasayo. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye maneno machache na utani mwingi. Alikuwa na mke na mtoto mmoja wa kiume, ambaye wakati huo alikuwa hajaanza kutambaa.

Nilimwona mara nyingi akirudi kutoka kazini anasimama kizingitini, anapiga funda la maji, analipuliza nje, anasema maneno machache ya Kidawida, lugha ya Wataita, ndipo anaingia. Sikupendezwa. Kwetu mtu hatemi mlangoni. Nikavumilia, kisha nikamwuliza.

Akanijibu kwa swali. "Fundi, wewe mtu wa pwani. Ukila samaki, mwiba unatoa ama unameza?"

"Natoa."

"Basi."

Nikamwambia sijaelewa bado. Ndipo akaketi na kunieleza vizuri. Kwao huitwa kutasa. Mtu akikosewa, hasira huingia moyoni, na hasira hiyo si dhambi, hasa akiwa amekosewa kweli. Ila ikikaa, hutoka yenyewe na kumshika mtu, na mwenye nayo hata hajui. Huenda asitake kabisa. Mtoto anaugua, ng'ombe hatoi maziwa, na chanzo ni babu aliyenyimwa heshima mwaka jana, naye amelala zake. Hapo babu hutafutwa, huombwa radhi, hupewa maji ya miwa au pombe, na asiyekunywa pombe hupewa maji matupu. Hupuliza, hutamka kwamba moyo wake umepoa, na mambo huisha.

"Hasira haina macho," akaniambia. "Haijui inamshika nani. Bosi akinitukana stesheni, mimi naiacha hapa nje, isiingie kwa mtoto."

Sikusema naamini, naye hakuniomba niamini. Lakini nilielewa jambo moja wazi, ambalo ndilo nguzo ya haya yote: kwao, kumwomba mtu apulize ni kukiri kwamba umemkosea. Wala si kumtuhumu. Mchawi hutafutwa kwa njia nyingine, na hapigiwi hodi kwa heshima wala hapelekewi kibuyu.

Wala haikuwa siri. Mwenye nyumba aliijua vizuri kuliko mimi. Alikuwa Voi tangu reli ilipokuwa mpya, alinunua mbuzi milimani, alilala kwenye nyumba za Wataita. Siku moja aliwakaribisha wageni kutoka Mombasa barazani, na mimi nilikuwa juu ya paa lake natengeneza mlizamu. Akawaeleza jambo hilo hilo kama kichekesho. "Hawa wakigombana hupulizana maji, mambo yakaisha," akasema. "Sisi twaenda kwa kadhi miaka mitatu, wao funda moja." Wageni wakacheka sana. Nami nikacheka, huko juu ya paa.

Ugomvi wa mzee na jirani yangu ulitokana na mlizamu huo. Niliutengeneza mimi, ukapeleka maji ya paa kwenye tangi la bati pembeni mwa ua, nalo tangi lilikuwa na kufuli. Mvua ya kwanza iliponyesha ilikuwa ya saa moja tu, lakini tangi lilijaa hadi likamwagika, na maji yakawa yanatiririka barabarani. Mke wa jirani yangu akakinga debe moja chini ya mdomo wa tangi. Maji hayo yalikuwa yakienda ardhini. Mwenye nyumba akatoka, akampokonya debe, akalimwaga mbele yake, akamtukana yeye na kabila lake kwa maneno ambayo sitayaandika. Mwanamke akajibu. Sikuelewa yote aliyojibu kwa Kidawida, lakini wanawake wa ng'ambo waliyaelewa, wakapiga vigelegele, na hilo ndilo lililomuuma mzee zaidi.

Tangu siku hiyo hakuitikia salamu zao. Jirani alimwamkia kila asubuhi, yeye akageuza uso. Hilo nalo nililiona, kwa sababu uani mwetu kila mtu lazima apite mbele ya mlango wake.

Mtoto aliugua baada ya mvua. Ilianza kama homa ya kawaida, ikaenda ikarudi. Akaacha kunyonya vizuri, tumbo likavimba upande mmoja, macho yakawa makubwa. Watu husema jirani yangu alikuwa mjinga aliyetegemea mate. Si kweli. Alimpeleka mtoto kwa mganga wa serikali, akapewa unga wa kwinini, na mama akampa kwa kipimo alichoambiwa, akiuchanganya na asali kwa kuwa ni mchungu. Nilimfulia kijiko cha bati cha kupimia. Homa ilipungua, ikarudi tena.

Ndipo mama mzazi wa jirani akashuka kutoka Werugha, akamtazama mjukuu, akauliza swali moja: nani ana kinyongo na nyumba hii? Hapakuwa na haja ya kwenda kwa mpiga bao kuaguliwa. Jibu lilikuwa linapita uani kila siku likiwa limegeuza uso.

Jirani alikuja kwangu Alhamisi jioni. Akaniuliza, mimi nikiwa Mwislamu kama mzee, je, dini yetu yakataza kupuliza maji? Nikafikiri. Nikamwambia funda la maji ya miwa si pombe, na kumwambia mtu nimekusamehe ni thawabu. Nikamwambia aende asubuhi, kabla duka halijafunguliwa, ili mzee asione aibu mbele ya wateja. Nilitoa ushauri huo kwa nia njema, na hadi leo nauona ulikuwa sahihi. Lililoharibika halikuharibikia kwenye ushauri.

Basi akaenda. Alikuwa amevaa shati safi. Mke wake alibaki mlangoni pao na mtoto begani, na yule bibi nyuma yake. Mzee akafungua, mswaki mdomoni.

Jirani akavua kofia ya kazi. Kiswahili chake kilikuwa cha mtu aliyejifunza ukubwani, lakini alikisema taratibu. "Mzee wangu, shikamoo. Nimekuja kwa ajili ya mtoto. Mke wangu alichukua maji yako, akakujibu vibaya. Sisi ndio tulikosa. Hasira yako ni ya haki. Naomba tu uitoe, mtoto apate nafuu." Akanyoosha kibuyu kwa mikono miwili.

Mzee hakukipokea. Alitazama uani, akaona wapangaji wote wametoka, akatoa mswaki.

"Wewe, wanambia mimi namuua mwanao?"

"Hapana, mzee."

"Na nisipoitoa hiyo hasira?"

Mtu mwingine angesema uongo. Jirani alikuwa hajui kudanganya jambo la mtoto wake. Akasema, "Itaendelea kumshika. Si wewe, mzee. Ni hasira."

Mzee hakukasirika wakati huo. Nilimwona uso. Alitulia, kama mfanyabiashara aliyepata bei aliyokuwa akiingoja. Akainua sauti: "Mmesikia nyote. Amesema namshika mwanawe. Mtashuhudia." Kisha akafunga mlango. Kibuyu kilibaki mikononi mwa jirani, na bibi kule nyuma akakaa chini pale pale alipokuwa.

Sheria ya kukataza kumwita mtu mchawi ilikuwapo, na ilikuwa na faini na kifungo. Mzee aliijua kama alivyojua bei ya kitambaa cha marekani. Alikwenda ofisini kwa serikali kabla ya sala ya Ijumaa, akarudi akaoga, akavaa kanzu iliyopigwa pasi, akaenda msikitini. Nilisali safu mbili nyuma yake. Tulipotoka, askari alikuwa amekwisha kufika stesheni na kumtoa jirani yangu kazini, mbele ya wenzake, gari la mchana likiwa linaingia.

Kesi ilisikilizwa Jumatatu, kwenye kibaraza cha ofisi. Mzungu aliyeamua hakuwa mkali. Alionekana amechoka na joto. Mwenye nyumba akaeleza, na wapangaji wawili wakashuhudia kwamba walisikia maneno "itaendelea kumshika". Ni kweli waliyasikia. Hakuna aliyewauliza maneno yaliyotangulia, nao hawakujitolea kuyasema, kwani wote wawili walikuwa na deni la kodi ya mwezi uliopita.

Mkalimani alikuwa kijana wa milimani, Mtaita halisi, aliyesoma misheni. Shati jeupe, kalamu mfukoni. Jirani yangu alipomwona alipata moyo, nilimwona akinyanyua kichwa. Alieleza kwa Kidawida, kwa kirefu, akionyesha kwa mikono jinsi mtu anavyopiga funda na kupuliza. Kijana akatafsiri kwa maneno mafupi mno. Mzungu akauliza jambo la maana, na hilo nampa haki yake: akauliza kama hii ni desturi ya watu hao, na kama maana yake ni kumtuhumu mtu.

Kijana akajibu kwa Kiingereza, kisha mzungu akamwamuru arudie kwa Kiswahili ili wote wasikie. Akasema, "Ni mambo ya ushenzi wa zamani, bwana. Siku hizi watu wenye akili hawafanyi. Maana yake siijui."

Eti hakuijua. Miezi michache kabla ya hapo nilikuwa stesheni nikikusanya madebe, na nilimwona kijana huyo huyo akiondoka kwenda Mombasa. Mama yake alishuka na kikapu kumuaga. Kabla hajapanda gari, mama alipiga funda la maji, akampulizia kifuani, na kijana aliinama apulizwe vizuri, shati hilo hilo jeupe likalowana. Hakuona haya siku hiyo. Alijua, na aliona haya mbele ya mzungu, na kwa haya yake mtu akafungwa.

Nikainuka. Nikaomba ruhusa ya kusema. Nilianza kueleza kwamba maneno yalikuwa ya kuomba radhi, kwamba niliyasikia yote, kwamba kupuliza ni kusamehe. Mzungu akaniuliza natoka wapi. Nikasema Pangani. Mwenye nyumba akacheka kidogo. "Huyo mtu wa Mjerumani, bwana. Ya Wataita atayajuaje?"

Mzungu akanionyesha mkalimani kwa kalamu. "Mtaita ninaye hapa," akasema. "Keti."

Nikaketi. Hasira niliyonayo kuhusu Voi ilianzia kwenye kiti kile. Miaka kadhaa nimetazama miguu ya watu, nimeuliza maswali, nimechekwa, nimejibiwa. Nilichokijua kilikuwa kidogo lakini kilikuwa kweli, na siku kilipohitajika kikazimwa kwa neno moja, na waliokijua kunizidi wakatazama chini. Wapangaji walitazama chini. Kijana alitazama kalamu yake. Mzee wa Mombasa, aliyewahi kuwachekesha wageni wake kwa habari ya funda moja, alitazama mbele kama mtu aliyedhulumiwa. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye hakuelewa. Niseme wazi: sikukutana na ujinga katika kesi ile. Kila aliyekuwa na mdomo alijua.

Hukumu ilikuwa faini, na asipolipa, kifungo. Stesheni hawakumngoja, walimwandika mwingine kabla jua halijazama. Usiku huo jirani alilala kizuizini, na kesho yake asubuhi mwenye nyumba akatoa vyombo vya chumba cha pili nje. Sufuria, mikeka, kitanda cha kamba, kijiko nilichofua. Vyote kwenye lile tope la kivulini. Mke wa jirani alimfunga mtoto mgongoni, akabeba alichoweza, bibi akabeba kingine, wakaondoka kwa miguu kuelekea milimani na mtoto mwenye homa, kwa sababu hawakuwa na gari na hakuna aliyewapakia. Wanawake wa ng'ambo walikusanya ndizi zao, wakaondoka nao. Siku hiyo mtaa haukuwa na ndizi, na kuna watu waliolalamika kwa hilo.

Kabla wiki haijaisha chumba kilikuwa na mpangaji mpya, karani wa reli, aliyelipa kodi mara mbili ya ile ya zamani. Wenye kupenda kuwatetea wazee wanisomee hilo mara mbili. Mzee aliniita nizibe tundu kwenye tangi lake. Nikamwambia lehemu imekwisha. Ilikuwa inachemka mbele yetu sote wawili. Nikahama nyumba ile mwezi huo.

Baba wa mtoto alitoka kizuizini baada ya nduguye kuuza mbuzi na kulipa faini. Mimi nilipanda Werugha muda baadaye, nikiwa na vyombo vyao walivyoviacha, nilivyovitunza. Ni mwendo mrefu, na mtu wa Pangani hana nguo za baridi ya kule. Ukungu ulinipata njiani, nikafika nikitetemeka, wakanicheka kwa jinsi nilivyojifunga msuli kichwani. Mashamba yao yako kama ngazi, kila ngazi na kabichi au viazi, na maji yanateremka kwenye mifereji mbele ya kila nyumba mchana kutwa. Nilisimama nikayatazama maji hayo kwa muda.

Mtoto alikuwa anatambaa. Alikuwa mwembamba, tumbo bado limevimba, lakini alikuwa anatambaa kumfuata kuku, na kuku alikuwa anamkimbia. Sijui kilichomponya. Huenda ni kwinini, waliyoendelea kumpa hadi ikaisha. Huenda ni ubaridi wa kule, ambako mbu hawapo. Bibi alisema ni kwamba wamefika mbali na hasira ya mzee, na baba akasema jambo jingine kabisa. Alisema yeye mwenyewe alitoka kizuizini moyo wake umejaa, na aliogopa kwamba sasa hasira yake ndiyo itakayomshika mtoto. Kwa hiyo siku aliyofika, kabla hajaingia ndani, alipiga funda na kupuliza. Aliwataja mmoja mmoja, akasema moyo wake umempoea kila mmoja.

Nikamwuliza, "Hata mzee?"

"Hata mzee."

"Hata yule kijana wa shati?"

"Huyo ndiye wa kwanza," akasema. "Huyo ni mtoto wetu."

Kisha akanitazama, akacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Na wewe, Fundi? Una hasira hata masikio yamesimama." Akamwambia mkewe alete maji. Mwanamke akanipa kata ya maji, nikaipokea. Walikuwa wananingoja, na hata bibi alisogea aone mtu wa pwani anavyofanya. Hawakufanya mzaha. Walihofia hasira yangu: mimi sikuwa na mtoto, huenda ikamshika wa kwao.

Nikanywa maji yale. Nikayameza yote, nikarudisha kata.

Sikutaka kuwavunjia heshima, na nilimweleza. Nilimwambia yeye alikosewa na ana haki ya kusamehe. Mimi sikukosewa kitu isipokuwa kuambiwa nikae, na hilo ningeliweza kulipuliza. Lakini nikipuliza mimi pia, basi Voi nzima hakutabaki mtu hata mmoja mwenye habari ya kweli ya Ijumaa ile. Mzee anaitwa barazani kusuluhisha ndoa za watu. Kijana amepandishwa cheo. Jirani akasikiliza hadi mwisho, akasema kwa upole kwamba basi niondoke kabla ya giza, nisilale karibu na mtoto. Hakunifukuza kwa ubaya. Ndivyo anavyoamini, na nyumba ni yake. Niliteremka jioni hiyo hiyo.

Njiani nilikokotoa walichopoteza, kwa kuwa nilikuwa nimewauliza kila kitu. Debe la maji lililomwagwa sikulihesabu. Faini shilingi arobaini. Mshahara wa siku alizofanya kazi mwezi ule, ambao stesheni hawakuutoa, shilingi kumi na nne. Kodi ya mwezi iliyolipwa mbele na haikurudishwa, shilingi sita. Mbuzi waliouzwa haraka, kwa bei ya mwenye shida, upungufu wa shilingi tisa. Jumla ni shilingi sitini na tisa.